Nafasi ya Kumi na Mbili

Sijamsamehe, na msomaji asinihimize kumsamehe kabla hajanisikiliza. Watu wengi wa Lindi waliopita mikononi mwake wanamsifu hadi leo, na sifa zao ni za kweli. Nitazirudia hapa mimi mwenyewe, kwa kuwa hasira isiyomtendea mtu haki ni fitina tu. Tulimwita Mwalimu wa Mashine, na jina hilo linatosha.

Alikuwa akifundisha hesabu sekondari hadi zilipokuja zile barua za kupunguza watu kazini. Wenzake waliopata barua kama yake walifungua maduka ya vocha na sabuni. Yeye alikodi vyumba viwili mtaa wa Mtanda, akanunua kompyuta nne za mitumba zilizokuwa zikinguruma kama mashine za kusaga, akatundika kibao mlangoni. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa, viwanda na maghala na hata mapipa matupu yaliyokuwa ndani ya maghala, na kila aliyekuwa na kompyuta alifundisha kuchapa barua. Mwalimu wa Mashine alikataa kufundisha kuchapa. Aliwaambia wazazi waliowaleta binti zao wapate ukarani: "Kuchapa ni kazi ya vidole. Mimi nafundisha watu kuamrisha."

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Kompyuta haikosei wala haipatii. Inatii. Ukiona mambo yameharibika, mtafute aliyeiamrisha." Aliusema kila wiki, na kila mara alionyesha kifua chake kwa kidole, kwamba aanzwe yeye. Tulimwamini. Ningependa msomaji akumbuke kwamba tulimwamini.

Alivaa suti ya Kaunda ya kijivu, penseli sikioni, hata siku ya Idi. Umeme wa Lindi ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo tuliandika programu zetu kwanza kwenye karatasi, tukazisoma kwa sauti mbele yake mstari kwa mstari, naye akizisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Ukimwamkia huku programu yako ina kosa, hakuitikia. Binti mmoja aliyekuwa amemwachia karatasi zake jana yake aliingia kwa adabu, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Yeye akajibu bila kuinua kichwa: "Marahaba yako iko mstari wa kumi na nne. Karekebishe, kisha uje uichukue." Tulicheka hadi tukafukuzwa sote.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mwenye mshahara wa kusikitisha, nikienda kwake alasiri baada ya vipindi. Aliniita "mwalimu wa chekechea" ingawa nilifundisha darasa la saba. Hakunidharau. Aliwapachika majina watu aliowatarajia makubwa.

Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kulinganisha lugha: si Kiswahili na Kimwera, bali lugha ambazo kwazo mtu huiamrisha mashine karibu kabisa na mifupa yake, pale zinapoandikwa programu za kuendesha pampu na injini. Alisema lugha hizo ni kama mapanga manne. Asembli ni chuma kitupu kisicho na mpini: unakata utakavyo, lakini lazima uiambie mashine kila hatua, hata namna ya kunyanyua mguu. C ni panga lililonolewa pande zote mbili, jepesi na la haraka, nalo halitofautishi gogo na goti. Paskali ni panga lenye ala. Huchelewa kutoka na hula nafasi kubwa kiunoni, lakini kabla ya kukata hukuuliza kama unachokata ni chako. Ya nne ilikuwa Ada, iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege na silaha za wenye mali. Hiyo haikupi panga mpaka uandike unakwenda kukata nini, wapi, na kwa ruhusa ya nani. Ada hatukuwa nayo. Alikuwa na kitabu chake cha kurudufu kisicho na jalada, akikisoma kama mtu anavyosoma barua za mchumba aliyemkosa.

"Hakuna lugha nzuri," alitufundisha. "Kuna lugha na gharama yake. Paskali inatoza gharama kila siku, kidogo kidogo, kwa kuchelewa na kwa kukataa. C haitozi kitu. Inasubiri. Swali ni moja tu: gharama ikija, nani atalipa?"

Kutuonyesha ubaya wa C alipanga viti kumi kuanzia mlangoni kuelekea dirishani, akawaketisha wanafunzi kumi. Akamwita wa kumi na moja, kijana mnene wa Kimakonde aliyekuwa na haya. "Hesabu hatua kutoka kiti cha kwanza. Hesabu yako itakapofika, kaa." Kijana akahesabu, akapita dirisha lililokuwa wazi, lenye kimo cha goti, akaangukia barazani na kukaa juu ya gauni la harusi ambalo fundi cherehani jirani alikuwa amelitandaza mapajani.

"Wewe! Una wazimu?" fundi akafoka. "Nguo ya watu hii!"

"Nimeambiwa nikae, kaka."

"Umeambiwa na nani?"

Mwalimu akachungulia dirishani, ameridhika kabisa. "Na mimi. Hiyo ndiyo C, fundi. Unaipa viti kumi, unaiambia ikae cha kumi na moja, inakaa. Haikuulizi kiti cha kumi na moja ni cha nani. Paskali ingesimama hapa dirishani ikakataa."

"Basi nifundishie hiyo Paskali yako huko huko, C wako kanikunjia gauni!"

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vingine vimeandikwa na watu wenye sifa duniani kote, na sijaona jambo hilo likielezwa vizuri zaidi.

Alikuwa mkarimu pia. Mkulima wa Kitomanga ambaye mikorosho yake ilikuwa imeingia ugonjwa alimleta binti yake bila karo. Mwalimu alimfundisha mwaka mzima, akipokea mhogo alipoletewa na kunyamaza asipoletewa. Hakukosa swala. Hakusengenya.

Lakini alikuwa na kiburi kimoja, na kwa kuwa kilikuwa cha kuchekesha hatukukiona kuwa kiburi. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Nafasi ya kwanza katika orodha ni nafasi sifuri, na orodha ya nafasi kumi na mbili huishia kumi na moja. Kwake hilo halikuwa desturi ya mashine tu. Lilikuwa daraja la ustaarabu. Alipanga rafu zake kuanzia sifuri, na katika daftari la mahudhurio mwanafunzi wa kwanza alikuwa namba sifuri. Dada mmoja alilia. "Yaani Mwalimu, nimelipa karo kuja kuitwa sifuri? Mimi si mtu?" Akamjibu: "Wewe ni wa mwanzo. Usiponielewa leo utanielewa ukishaelimika." Mtu yule yule aliyetuhubiria kwamba mashine ni mtumwa wa binadamu aliona aibu binadamu walipokataa kuhesabu kama mtumwa.

Sasa nifike Kilwa Kivinje.

Palikuwa na mtambo wa barafu pale, uliokuwa wa serikali, ukiwahudumia wenye samaki. Uliuzwa kama vilivyouzwa vingine, na aliyeununua alikuwa bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye simu mbili na haraka nyingi. Alipunguza watu, akaing'oa valvu ya zamani ya usalama iliyokuwa ikivuja, akasema siku hizi kuna kompyuta, kompyuta itaangalia shinikizo la amonia, ile gesi ya kugandishia, mabombani na kuizima kompresa inayoisukuma likizidi kikomo. Akamtafuta Mwalimu wa Mashine.

Aliyebaki kuulinda mtambo alikuwa Bi Mwanahawa, mwanamke wa makamo aliyeufanyia kazi tangu enzi za serikali. Mtambo ulifanya kazi mchana tu, kwa jenereta. Kila saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Bi Mwanahawa alisoma joto la maji ya chumvi ya kugandishia, akaliandika kwa penseli katika daftari lake. Vipimo kumi na viwili kwa siku, miaka na miaka. Sasa alitakiwa avibonyeze pia kwenye mashine: kwanza saa, kisha joto.

Mwalimu aliandika programu ya kwanza kwa Paskali, ikiendeshwa na kompyuta kubwa iliyowekwa kando ya mtambo. Ilikuwa likizo ya shule, nami nilifuatana naye. Siku ya majaribio mnunuzi aliwaalika wageni, wafanyabiashara wa samaki na diwani. Mambo yalikwenda vizuri kutwa nzima. Jioni Bi Mwanahawa akabonyeza kumi na mbili. Orodha iliishia kumi na moja. Paskali ikafanya kama ilivyoahidi: ikasimama, ikaandika kwamba imeombwa mahali pasipokuwapo, na kompresa ikazimika.

"Mwalimu," mnunuzi akasema, akitabasamu kwa ajili ya wageni, "nimekuleta unizimie mtambo mbele ya watu?"

"Haikuzimika tu, bosi. Imekataa. Kuna kosa na imeliona."

"Mimi sitaki mashine inayokataa. Nina wafanyakazi wa kukataa, wananitosha. Nataka mashine inayofanya kazi."

Alitaka pia ile kompyuta kubwa iondoke, na badala yake kiwekwe kibao kidogo cha kompyuta, cha bei nafuu na chenye kumbukumbu ndogo. Paskali na walinzi wake wote haikuenea humo. Mwalimu aliiandika upya kwa C, na mimi ndiye niliyeinakili kwa mkono safi kutoka karatasi zake. Nilipofika kwenye orodha ya vipimo nilisita.

"Mwalimu, na yule mama akibonyeza kumi na mbili?"

"Atabonyeza sifuri. Nitamwelekeza."

"Tukiongeza mstari mmoja tu, kwamba kumi na mbili ihesabiwe sifuri? Nafasi ipo."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mwalimu wa chekechea, nikiipindisha mashine kila mtu asipotaka kujifunza, watajifunza lini?"

Mstari mmoja. Nimeandika programu miaka mingi tangu siku ile, na sijawahi kuona mstari ghali kama ule ambao haukuandikwa. Mnunuzi alikuwa mchoyo, na uchoyo wa wanunuzi wa miaka ile umeshalaaniwa na wengi. Lakini mstari ule haukuhitaji fedha yake wala ruhusa yake. Ulihitaji Mwalimu akubali kwamba watu wa pwani hii wanaimaliza siku yao saa kumi na mbili, na kwamba hawana sababu ya kuiomba radhi mashine kwa hilo.

Alikwenda kumwelekeza Bi Mwanahawa mbele yangu.

"Saa kumi na mbili utabonyeza sifuri, Bi."

"Sifuri ndiyo saa ngapi, Mwalimu?"

"Ni kumi na mbili, kwa mashine."

"Sifuri si hakuna? Nimeshinda hapa tangu alfajiri, jua limezama, halafu niandike hakuna?" Akacheka, akatugeuzia daftari lake. "Haya. Humu nitaandika kumi na mbili, kwenye dude lenu sifuri. Mungu anaona mimi si mwongo."

Alibonyeza sifuri miezi minane bila kukosea. Fikiri juu ya hilo. Ulinzi uliokuwa kazi ya mashine, ambayo haichoki wala haifungi saumu, uliondolewa mashinani ukawekwa kichwani mwa mwanamke mmoja, akaachiwa aubebe kila siku jioni.

Ulikuja mwezi wa Ramadhani. Jioni moja, amefunga, uji wa futari ukimngoja nyumbani, Bi Mwanahawa alisoma nyuzi nane chini ya sifuri, akaandika daftarini saa kumi na mbili, na kidole chake kikafuata penseli: kumi na mbili. C haikuuliza kitu. Ilihesabu hatua, ikapita mwisho wa orodha, ikaandika hasi nane mahali jirani palipokuwa pametunzwa kikomo cha shinikizo. Mahali pale hapakujua hasi, kwa hiyo namba ile ikasomeka mia mbili arobaini na nane. Hakuna bomba pale ambalo lingestahimili shinikizo la namna hiyo. Kuanzia dakika ile mtambo haukuwa na kikomo.

Hata hivyo ungeweza kunusurika, kama mwani usingeziba chujio la maji ya kupoozea. Jioni ile ile, kabla jenereta haijazimwa, shinikizo likapanda, programu ikalitazama likipanda, ikaona bado liko chini ya mia mbili arobaini na nane. Bomba likapasuka. Bi Mwanahawa alijifunga khanga usoni akaingia katika moshi wa amonia, akaizima jenereta kwa mkono wake, akawatoa vibarua wawili waliokuwa wameanguka. Hakufa mtu. Yeye alipoteza jicho la kushoto.

Kikao kilifanyika wiki moja baadaye katika ofisi ya mtambo. Bi Mwanahawa alikuja na bandeji na daftari. Hakuficha lolote. "Nilibonyeza kumi na mbili," alisema. "Ndiyo saa iliyokuwa."

Mnunuzi akamgeukia Mwalimu. "Programu yako ina kosa?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mwalimu, nikiiona shingo yake. Nilidhani atainua kidole na kuonyesha kifua chake, kama alivyofanya kila wiki mbele yetu.

"Programu ilifanya ilivyoandikwa," akasema. "Bi alielekezwa abonyeze sifuri."

Kila neno lilikuwa kweli. Nimewahi kusikia uongo mwingi katika maisha yangu, ila sijasikia uliotengenezwa kwa mbao safi namna ile.

Bi Mwanahawa alifukuzwa. Mnunuzi aliuza mabomba kama chuma chakavu akaondoka, na wote waliokuwa wakila kwa mtambo ule wakabaki mikono mitupu wakimtafuta wa kumlaumu. Walimwita Bi Sifuri. Walimwita hivyo barazani, sokoni, hata msibani. Kwenye shughuli hakupewa tena sufuria kubwa asimamie. "Huyo ataunguza, kuhesabu hawezi." Mwanamke aliyewatoa watu katika moshi ule akawa kichekesho cha mji mzima, na Mwalimu akarudi Mtanda akaendelea kufundisha kwamba mashine haikosei.

Mimi niliacha kwenda kwake. Sikumwambia kwa nini.

Ilipita miaka mingi. Nilikwenda Kivinje kwenye mazishi, nikakutana na Bi Mwanahawa katika kundi la wanawake, amekaa peke yake pembeni. Alinitambua kwa sauti. Nilimuuliza anahitaji nini. "Sihitaji fidia, mwanangu. Namtaka yule mwalimu wako aje aseme barazani kwangu, kwa mdomo wake, watu wakisikia. Nami niwe hai."

Nikaenda Mtanda. Vyumba viwili vilikuwa duka la simu, yeye akiishi kwa mpwawe nyuma yake, amekonda kwa kisukari, mikono ikitetemeka. Nilimwamkia, akaitikia mara moja. Nikamweleza nilichojia.

"Mnunuzi yule ndiye aliyeing'oa valvu," akasema. "Ndiye aliyeikataa Paskali."

"Mnunuzi hakujua hata lugha moja kati ya zile, Mwalimu. Wewe ulizijua zote."

Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani: "Siku hizi wanatumia nini kwa kazi kama ile?"

Nikamwambia wengi bado wanatumia C, lakini ipo lugha mpya iitwayo Rust, ambayo kabla programu haijaanza kukimbia humtaka mwandishi athibitishe kila kipande cha kumbukumbu kina mwenyewe, na ikikimbia ikaombwa nafasi isiyokuwapo, husimama. Inachosha kuijifunza. Inakaribia wepesi wa C.

"Ingesimama saa kumi na mbili?"

"Ingesimama."

"Basi bwana yule angeikataa pia." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Na mimi ningemtafutia nyingine isiyokataa. Si lugha iliyokosekana, mwalimu. Nitafutie gari la kesho."

Tulifika Kivinje adhuhuri. Bi Mwanahawa alikuwa ametandika mikeka barazani na kuwaita majirani saba, wanaume kwa wanawake, baadhi yao wakiwa vibarua wa zamani wa mtambo. Mwalimu alisaidiwa kukaa. Akaanza kueleza: kumbukumbu ya mashine ilivyo, orodha inavyopangwa, kibao kilivyokuwa kidogo, tofauti ya lugha hii na ile. Alieleza vizuri. Bado alikuwa mwalimu.

Bi Mwanahawa akainua mkono. "Hayo sikuyauliza, Mwalimu. Nani alikosea?"

"Mimi," Mwalimu akasema. "Nilijua unaweza kubonyeza kumi na mbili. Ningeweza kuizuia kwa mstari mmoja, sikutaka. Na kwenye kikao nilijua, nikakuachia wewe."

Bi Mwanahawa akawageukia majirani. Hakulia, wala hakumshukuru. Alimuuliza kila mmoja peke yake, kwa jina lake, kama mtu anayesoma vipimo: "Umesikia?" Na kila mmoja akajibu kwamba amesikia. Mzee wa mwisho, aliyekuwa kibarua, akainamisha kichwa akasema, "Nimesikia, Bi Mwanahawa. Tumekukosea." Ilikuwa mara ya kwanza, nadhani, kwa mzee yule kulitamka jina lake kwa miaka yote ile.

Kisha akanigeuzia lile jicho lake linaloona.

"Na wewe ulikuwapo kwenye kikao, nyuma yake. Ulijua?"

Ningeweza kusema nilikuwa mwanafunzi tu. Ningeweza kusema sikuulizwa.

"Nilijua," nikasema.

Bi Mwanahawa akamwita binti yake alete maji ya kunawa, akamsogezea Mwalimu sahani mwenyewe, akamtengea samaki upande usio na miiba kwa sababu ya mikono yake. Majirani wakasogea kula. Mimi sikuambiwa niondoke, wala sikuambiwa nikae.